Petro Alijifunzia Wapi?

SOMO LA WIKI

Maandiko ya kusoma nyumbani: Marko 5:35–43, Matendo 9:36–42, Luka 10:30–35, 2 Timotheo 2:1–2

Wazo kuu: Kumtibu mgonjwa bure ni zawadi ya siku moja. Kumtibu huku unamfundisha mwingine ni zawadi inayobaki mtaani.

Utangulizi



Kambi ya matibabu ya bure ni kitu tunachokijua vizuri hapa Kibera na kule Kawangware. Turubai linafungwa kwenye uwanja wa kanisa au shule, viti vya plastiki vinapangwa, na kufikia saa moja asubuhi foleni imeshafika barabarani. Kuna mama aliyebeba mtoto mwenye homa. Kuna mzee aliyeambiwa mwaka jana kwamba ana presha na hajapimwa tena. Kuna kijana wa mjengo aliye na kidonda mguuni, amekifunga kitambaa wiki tatu sasa. Wamekuja kwa sababu pesa ya hospitali haipo, ama ipo lakini ni ya unga.

Ndani, mezani, ameketi daktari aliyeitoa Jumamosi yake. Kando yake, ukiangalia vizuri, wako vijana wawili watatu wenye makoti meupe ambayo bado ni mapya. Hao ni wanafunzi. Sisi humshukuru daktari, tukamwombea, tukampa soda. Wanafunzi hatuwaoni. Na tukiwaona, wakati mwingine ni kwa jicho baya: "Nimetoka Silanga na hii miguu yangu, ati nije nionwe na mtoto wa shule?" Daktari naye ana lake moyoni: wagonjwa ni wengi, jua linaenda, atapata wapi saa ya kufundisha?

Malalamiko yote mawili yana uzito na hatutayaruka. Lakini hebu kwanza tuulize swali moja. Petro alipoitwa kwenye chumba cha maiti kule Yafa, alijuaje la kufanya? Alijifunzia wapi?

1. Chumba cha Yairo kilikuwa darasa

Fungua Marko 5. Yairo, mkuu wa sinagogi, ana binti wa miaka kumi na miwili. Habari inakuja kwamba binti amekufa. Yesu anafika nyumbani, anakuta watu wanalia na kupiga kelele. Anawatoa wote nje. Lakini angalia ni akina nani anaowaacha ndani: baba, mama, na wanafunzi watatu, yaani Petro, Yakobo na Yohana.

Wazazi tunaelewa, mtoto ni wao. Lakini hawa wavuvi watatu walikuwa na kazi gani mle chumbani? Hawakuweka mkono. Hawakusema neno. Kazi yao ilikuwa kuona. Yesu alikuwa na uwezo wa kumwinua yule binti akiwa peke yake, hakuhitaji msaidizi. Alichagua kuifanya ile kazi mbele ya watu watakaoifanya baada yake.

Wakaona anavyomshika mkono. Wakasikia anavyomwita kwa Kiaramu, lugha ya nyumbani, kwa neno ambalo mzazi humwitia msichana wake, talitha. Na wakaona jambo la mwisho ambalo wengi wetu tunalipita: baada ya muujiza, Yesu akaagiza mtoto apewe chakula. Jameni! Wengine wote wameshangaa, na Bwana anakumbuka kwamba mtoto aliyekuwa mgonjwa ana njaa. Hilo nalo lilikuwa sehemu ya somo.

Sasa nenda Matendo 9. Miaka imepita, Yesu amepaa. Kule Yafa amekufa mwanamke aitwaye Tabitha, kwa Kiyunani Dorkasi. Petro yuko mji wa karibu, Lida. Wanatumwa watu wawili kumwita. Anafika, anakuta wajane wanalia. Anafanya nini? Anawatoa wote nje. Anasema na aliyelala, anamwita kwa jina lake. Anampa mkono. Kumbe! Ni kama unasoma Marko 5 mara ya pili. Talitha na Tabitha, herufi moja tu ndiyo inayotofautiana.

Petro aliongeza jambo moja ambalo Bwana wake hakulifanya kwa Yairo: alipiga magoti kwanza akaomba. Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri anajua kazi, tena anajua nguvu si zake. Siku ile Tabitha alipofumbua macho, alikuwa anavuna kile kilichopandwa ndani ya chumba cha msichana mwingine ambaye pengine hakuwahi kumwona.

Ndiyo maana yule mwanafunzi wa koti jeupe si wa kudharauliwa. Anachokiona leo kwa mtoto wa Gatina, kuna siku atakihitaji kwa mtoto wa mahali pengine, na wewe hutakuwapo.

2. Tabitha wa Yafa na Tabitha wa Kibera

Kibera yetu nayo ilikuwa na Tabitha wake. Wazee wa Gatwekera wanamkumbuka: Tabitha Atieno Festo, muuguzi, mjane, mama wa watoto watatu. Mwaka 2000 hakuwa na kazi. Kijana mwanafunzi kutoka Marekani, Rye Barcott, alikuwa Kibera akifanya utafiti wake wa chuo. Tabitha akamwomba mtaji, akapata dola 26, zilizokuwa kama shilingi 2,000 za wakati ule. Akaanza kuuza mboga.

Mama mboga wengi hapa mnajua hesabu ya shilingi 2,000. Unanunua, unauza, watoto wanakula, na ukibaki na kitu unamshukuru Mungu. Tabitha alibaki na kitu, na hakukiweka kwenye nyumba nzuri zaidi. Yule kijana aliporudi mwaka 2001, alikuta Tabitha ameanzisha kliniki ndani ya nyumba yake mwenyewe, chumba cha futi 10 kwa 10, na wagonjwa wa jirani wanakuja. Mwaka huohuo Tabitha, Barcott na kijana wa Nairobi aitwaye Salim Mohamed wakashirikiana kuanzisha shirika lililoitwa Carolina for Kibera.

Desemba 2004 Tabitha alifariki. Wapendwa, hapa ndipo penye somo. Huduma ngapi tunazijua zilizozikwa na mwenyewe? Mwenye maono akienda, mlango unafungwa, mabati yanauzwa. Kliniki ya Tabitha haikufungwa. Ilihama kutoka kile chumba kimoja hadi jengo la ghorofa, ikaendelea kuitwa kwa jina lake, na wanaotibiwa pale leo wengi wao walikuwa hawajazaliwa alipokuwa hai.

Tabitha wa Yafa alifufuliwa. Tabitha wa Kibera hakurudi, lakini kazi yake iliamka kila asubuhi kwa sababu hakuifanya peke yake. Kulikuwa na watu wa kuishika. Hilo ndilo Paulo anamwagiza Timotheo katika 2 Timotheo 2:2: aliyoyasikia ayaweke mikononi mwa watu waaminifu, nao wawe na uwezo wa kufundisha wengine. Hesabu vizazi katika mstari huo mmoja. Paulo, Timotheo, watu waaminifu, na wengine. Vizazi vinne! Wewe huduma yako ina vizazi vingapi?

3. Maombi na dawa havigombani

Kanisa letu linaamini uponyaji. Tunaweka mikono juu ya wagonjwa na hatuna aibu. Lakini kuna kosa linalotembea mtaani nalo limeua watu: mtu anaombewa Jumapili, Jumatatu anatupa dawa za presha, za sukari, ama za virusi, ati kumeza dawa ni kukosa imani.

Hebu turudi kwa Neno. Hezekia aliomba akalia, Mungu akamwongezea miaka, na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe kwenye jipu (2 Wafalme 20:7). Paulo, ambaye leso zake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona, alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake (1 Timotheo 5:23). Na katika safari zake alikuwa na Luka, tabibu aliyempenda (Wakolosai 4:14). Hatusomi mahali popote kwamba alimwambia Luka aache udaktari ndipo awe mtu wa imani.

Kama unataka mfano wa watu wetu, angalia Bukavu, Kongo, ndugu zetu tunaoongea nao Kiswahili. Denis Mukwege alizaliwa mwaka 1955, baba yake akiwa mchungaji wa Kipentekoste. Akiwa mvulana alimfuata baba yake kwenda kuombea wagonjwa. Siku moja waliombea mtoto aliyekuwa mgonjwa sana, na mvulana akashangaa kwa nini baba ameomba lakini hakutoa dawa. Baba akamweleza kwamba yeye si daktari. Pale pale yule mtoto akaamua: baba ataomba, mimi nitatoa dawa.

Mnaona alijifunzia wapi? Kando ya kitanda cha mgonjwa, ameshika mkono wa baba yake. Akasomea udaktari Burundi, akaenda Ufaransa kusomea magonjwa ya akina mama, akarudi nyumbani. Mwaka 1996 hospitali aliyokuwa akiiongoza kule Lemera ilivamiwa, wagonjwa na wahudumu wakauawa. Mwaka 1999 akaanzisha Hospitali ya Panzi, chini ya jumuiya ya makanisa ya Kipentekoste. Ametibu maelfu ya wanawake walioumizwa vitani, na hakuuficha ujuzi wake mfukoni: Panzi ni hospitali ya kufundishia, na madaktari wengine wamejifunza upasuaji huo pale. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad. Naye hajaacha kuhubiri.

Kwa hiyo ukiombewa, mshukuru Mungu, kisha nenda ukapimwe. Kama umepona, kipimo kitasema. Mwacheni daktari ndiye aondoe dawa. Yesu mwenyewe alimtuma mwenye ukoma akajionyeshe kwa kuhani, aliyekuwa mkaguzi wa ugonjwa huo wakati ule (Marko 1:44).

4. Maskini si kitabu cha mazoezi

Sasa turudi kwa yule mama wa Silanga na lalamiko lake. Ana haki. Kuna tofauti kubwa kati ya kumfundisha mwanafunzi mbele ya mgonjwa na kumtumia mgonjwa kama ubao wa kuandikia. Mithali 14:31 inatufundisha kwamba anayemwonea maskini anamtukana Muumba wake. Basi kliniki ya bure haina ruhusa ya kuwa kliniki ya ovyo. Mgonjwa hajalipa pesa, lakini ni sura ya Mungu vilevile kama yule aliyelala kwenye hospitali kubwa ya upande wa pili wa Barabara ya Ngong.

Mwalimu mwema mezani hufanya hivi. Kwanza anamwambia mgonjwa: "Mama, huyu ni mwanafunzi, unakubali akusikilize kwanza?" Mama akisema hapana, ni hapana, na halazwi nyuma ya foleni kwa sababu hiyo. Akikubali, mwanafunzi anamsikiliza, anampima, kisha anamweleza daktari anachofikiria. Daktari hampi jibu haraka. Anamuuliza: Kwa nini umesema ni homa ya mapafu? Umehesabu mtoto anapumua mara ngapi kwa dakika? Umeuliza wanapikia wapi? Maana nyumba ni chumba kimoja, jiko la makaa liko miguuni mwa kitanda, na dirisha limezibwa. Kisha daktari anampima mtoto yeye mwenyewe, na uamuzi wa dawa ni wake. Mwanafunzi haandiki dawa peke yake. Sheria ya nchi inataka awe chini ya daktari aliyesajiliwa, na dhamiri inataka hivyo pia.

Ukiona vizuri, mgonjwa huyo hakupata huduma ndogo. Alisikilizwa mara mbili na kupimwa mara mbili. Mwanafunzi hana haraka kama daktari, na mara nyingi ndiye anayesikia lile neno moja ambalo mama alikuwa anaogopa kulisema: kwamba kikohozi kina miezi miwili, kwamba usiku analowa jasho, kwamba jirani alikufa kwa TB. Na mwanafunzi anajifunza jambo ambalo mtihani hauulizi: kumwita mzee wa watu "mzee" ama "baba", kuinama mahali mtoto alipo, kutouliza mambo ya siri kwa sauti huku foleni nzima inasikiliza nyuma ya turubai.

Elisha alijulikana kama kijana aliyemmiminia Eliya maji mikononi (2 Wafalme 3:11). Kabla ya kuigawanya Yordani alijua kunawisha. Mwanafunzi asiyetaka kubeba maji, kufuta meza na kumshika mkono bibi hadi mlangoni, huyo bado hajaanza shule.

5. Msamaria hakuishia barabarani

Katika Luka 10 Yesu anaeleza matibabu ya Msamaria kama hatua. Alisafisha jeraha kwa divai na mafuta, akalifunga. Akampandisha mgonjwa kwenye mnyama wake. Akamlaza kwenye nyumba ya wageni. Asubuhi akamwachia mwenye nyumba dinari mbili, akamkabidhi mgonjwa, akaahidi kurudi. Hiyo ndiyo kliniki kamili.

Tuseme ukweli. Kambi nyingi za matibabu zinaishia kwenye divai na mafuta. Mzee anapimwa, presha iko juu, anapewa dawa za wiki mbili, turubai linakunjwa. Wiki ya tatu nani anampa dawa? Presha haiumi kila siku, lakini inavunja polepole: leo anatembea, kesho amepooza upande mmoja. Dawa zake ni za kila siku. TB nayo kwa kawaida hutibiwa kwa miezi 6, na ukiacha katikati inaweza kurudi ikiwa sugu.

Kwa hiyo kila mgonjwa wa namna hiyo asitoke bila mahali pa kwenda, pameandikwa kwenye karatasi. Dawa za TB na za virusi ni bure katika vituo vya serikali. Wa Kawangware ana kituo cha afya cha Riruta. Wa Kibera ana Kibera South, na Hospitali ya Mbagathi iko karibu. Tena tangu Septemba 2023 serikali ilipozindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000, yuko mmoja anayezunguka mtaani kwenu na mfuko wenye kipimo cha presha na cha sukari. Pengine anaketi benchi moja na wewe hapa kanisani. Huyo ndiye mwenye nyumba ya wageni wa Luka 10. Mkabidhi mgonjwa.

Kibera South yenyewe inatufundisha kukabidhi. Madaktari Wasio na Mipaka walihudumu Kibera miaka 20, wakatoa dawa za virusi bure wakati ambapo wengi walikuwa wanakufa nyumbani. Mwaka 2017 walikabidhi kituo hicho kwa Kaunti ya Nairobi, wakaondoka. Mgeni aliyefanya kazi vizuri ni yule ambaye akiondoka, taa hazizimiki. Lakini taa haziwaki zenyewe, lazima kuwe na watu waliofundishwa kuziwasha.

6. Wewe umemwacha nani chumbani?

Usiseme somo hili ni la madaktari peke yao. Mshonaji, una msichana anayekaa kando ya cherehani yako akiona unavyokata kitambaa? Tabitha wa Yafa alikuwa mshonaji. Fundi wa stima, nani anakushikia tochi? Mwalimu wa shule ya Jumapili, yuko kijana uliyemwachia darasa ukakaa nyuma ukamsikiliza? Na wewe muuguzi uliyestaafu, mikono yako bado inajua kazi. Kliniki ijayo tunakuhitaji mezani, na kiti kimoja kando yako kisikae bure.

Kwenu vijana mnaosoma mambo ya afya: msingoje kuhitimu ndipo mje. Njooni sasa, mje kuona. Petro hakusema neno kwa Yairo, lakini aliona. Na kwenu mnaokuja kutibiwa: mnapomruhusu mwanafunzi awasikilize, mnatoa sadaka. Mtu ambaye hamtamjua jina atatibiwa vizuri kwa sababu mlikubali kungoja dakika kumi zaidi.

Maswali ya kujadili katika vikundi vya nyumbani

1. Kwa nini Yesu aliwatoa waliaji nje na kuwaacha wanafunzi watatu ndani?
2. Petro alifuata nini alichokiona kwa Yairo, na aliongeza nini? Kinatufundisha nini?
3. Mshirika mwenzako ameombewa na anataka kuacha dawa za presha. Utamwambia nini kwa upendo, bila kuiaibisha imani yake?
4. Ni kazi gani katika kanisa letu itakwama kama mtu mmoja tu akihama Nairobi? Tufanye nini kabla hajahama?

Jambo la kutenda wiki hii

Chagua mtu mmoja na kazi moja unayoijua. Mwite akae kando yako angalau mara moja wiki hii, na umweleze kwa nini unafanya unavyofanya. Na kama una mzee katika ploti yenu ambaye hajapimwa presha muda mrefu, mpeleke kituoni, usimwelekeze tu.

Maombi

Baba wa mbinguni, asante kwa kila mkono unaowatibu wagonjwa wa Kibera na Kawangware bila kudai malipo. Wape madaktari na wauguzi wetu subira ya kufundisha hata foleni ikiwa ndefu. Wape wanafunzi macho ya kuona na magoti ya kuomba. Wagonjwa wetu wapone kwa mkono wako, kwa maombi na kwa dawa. Na sisi tusizike mikononi mwetu kile ulichotupa tukikabidhi. Katika jina la Yesu, amina.